Utando kwenye Msonobari wa Vinubhai

"Mama Sylvie, uongo mimi naunusa," alisema Mwinjuma Haidari, akijigonga pua kwa kidole. "Nilisimama barabarani Tanga miaka saba na filimbi mdomoni. Dereva akiniambia breki zimekatika sasa hivi, najua zimekatika tangu juzi. Na tangu nije Birmingham hakuna uongo ulionipita. Hata mmoja! Kesho jioni kesi yako nitakuwa nimeifunga kwa kamba."

Ilikuwa Jumatano, tarehe ishirini na nane Juni, mwaka 2006. Walikuwa wanatembea kwenye barabara moja ya Balsall Heath ambayo kila dirisha la tatu lilining'inizwa bendera ya Uingereza kwa ajili ya Kombe la Dunia. Mwinjuma alivaa koti lake la ulinzi, kwa sababu mchana alilinda mlango wa duka la viatu mjini, na upelelezi aliufanya kwa saa zilizobaki. Mfukoni alikuwa na daftari na kalamu ya kijani. Kijani tupu. Alisema bluu ni ya watoto wa shule na nyeusi ni ya polisi.

"Kesho ni mbali, papa Mwinjuma," alijibu Immaculée. "Wakili anataka barua Ijumaa, mbele ya saa sita. Akikosa, ile faili ya Sylvie banaifunga."

Sylvie alikuwa binti yake, miaka kumi na minne, kaachwa Uvira, Kongo, kwa shangazi. Ili aletwe, mama yake lazima aonyeshe kwamba ana kazi na mwajiri anayemwamini. Kazi alikuwa nayo: kwa miaka miwili alisafisha nyumba ya mzee mmoja mgane aitwaye Vinubhai na kumwagilia miti yake. Mwajiri ndiye aliyeharibika. Alirudi kutoka harusi Rajkot, India, wiki iliyopita, akaingia uani, akatoka analia, na tangu siku hiyo alisema hataandika barua wala nukta kwa ajili ya mwuaji.

Walipofika kwenye geti, dirisha la nyumba ya jirani likafunguka kwa kishindo.

"Mwinjuma! We Mwinjuma! Nina neno nawe!"

Alikuwa Bi Barwako, mama wa Kibarawa aliyelea wajukuu sita na sasa analea mtaa mzima kutoka dirishani. Mwinjuma alimheshimu sana. Alimheshimu kwa mbali, maana neno moja la Bi Barwako huanza baada ya adhuhuri na kumalizika alasiri ikikaribia kupita.

"Shikamoo Bi Barwako! Nitapita, inshallah!"

"Marahaba. Asmini zangu zimegeuka manjano, wasikia? Manjano kama binzari!"

"Pole, mama! Nitapita!" Akainama, akapenya getini kama mtu anayekwepa mpira.

Uani kulikuwa na benchi refu la mbao lililofunikwa wavu wa kuzuia paka. Juu yake kulikuwa na miti kumi na moja ya chunguni, mikuyu na mikomamanga ya kimo cha shubiri, yote mizima, yote inang'aa. Wa kumi na mbili ulisimama katikati peke yake. Ulikuwa msonobari wa miaka arobaini ambao haukufika gotini, shina limepinda kama mzee anayefunga kamba ya kiatu. Nusu yake ilikuwa imebaki vijiti. Kwenye matawi kulikuwa na vifuko vya utando, na ndani ya utando kumejaa majani makavu na vipunje vya kahawia.

"Huu niliupanda mwaka niliofika," alisema Vinubhai. Alikuwa mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa bado na harufu ya huko. "Marehemu mke wangu ndiye aliyeupinda, kwa waya, kidogo kidogo. Mimi nakwenda harusi wiki tano, nampa huyu mama funguo, narudi nakuta hivi. Na hiki nakikuta chini ya benchi."

Akainua chupa ya kupulizia.

Mwinjuma aliipokea, akainusa, akapiga chafya. "Siki."

"Ya kusafisha vioo!" alisema Immaculée. "Mi nilikuwa nautia mayi asubui na mangaribi, bwana Vinu. Hata siku niliugua nilikuja."

"Siki inaua mti."

"Siki inaua mti, sawa," alisema Mwinjuma, "lakini siki haifumi utando. Tuulize polepole. Nani aliingia humu ukiwa safarini?"

"Yeye."

"Kabla ya safari?"

"Mimi na yeye."

"Kuna mti mpya uliletwa? Ua? Chungu?"

"Hakuna. Sinunui mti tangu mke wangu afariki."

"Udongo?"

"Nanunua dukani. Msimu wa baridi jirani alinigawia kidogo, na huo pia wa dukani, mwenyewe kaniambia."

Mwinjuma alimtazama usoni kwa muda, pua juu, kama anavyomtazama mteja anayetoka dukani na viatu viwili vya kushoto. Hakunusa uongo. Na kweli Vinubhai hakuwa anadanganya. Akaandika kwa kijani: *Udongo: wa dukani. Jirani kathibitisha.* Kisha akaupigia mstari na kuufuta kwenye orodha yake.

Akachovya kijiti kwenye utando. Ukachanika, na kiwavi mmoja mwenye rangi ya zeituni akadondoka kiganjani. Hakutambaa. Alilala chali, akajinyonganyonga kama mtu anayejaribu kuvaa suruali kitandani.

"Huyu," alisema Mwinjuma, "anakwenda kuhojiwa."

*

Mselem Shaame wa Wete alikuwa mwaka wa tatu wa kuchungulia wadudu chuo kikuu, na macho yake yalikuwa yamebaki na umbo la darubini. Alimweka kiwavi chini ya lenzi, akacheka.

"Kaka Mwinjuma, hongera. Kwa mara ya kwanza umemkamata mtu."

"Nani?"

"Nyigu."

"Mselem, sina muda. Huyu ni mnyoo. Nyigu ana mabawa na roho mbaya."

"Huyu ni mtoto wake. Wapo nyigu wasio na kiuno wala mwiba. Mkiani jike ana kimsumeno, anakwaruza jani la msonobari na kubandika mayai. Nyigu-msumeno, na hawa ndio kabila la wafuma utando. Mama mtu ni bluu ya wino, kichwa chekundu kama njiti ya kiberiti. Watoto wanafuma nyumba, wanavuta majani ndani, wanakula, wanajinyea humo humo. Ule uchafu wa kahawia ulioniletea si mbegu, kaka. Nawa mikono."

Mwinjuma alijifuta kwenye koti. "Alifikaje kwa Vinubhai?"

"Hilo ndilo zuri." Mselem alivuta kiti. "Mtazame. Tumboni hana miguu kama viwavi wengine. Nje ya utando wake hawezi safari. Barabarani kwenu kuna msonobari?"

"Kuna nguzo za umeme."

"Basi hakutembea. Na mama yake si mrukaji wa masafa, hasa akiwa chini ya wavu wa paka. Sasa sikiliza. Mwezi wa saba wakishashiba wanajiachia chini, wanachimba, kila mmoja anajitengenezea kichumba udongoni. Wanalala humo mpaka Aprili, wengine mwaka wa pili. Kwa hiyo mtu wako alileta udongo. Udongo wa msituni, chini ya misonobari, umechotwa kati ya Julai na Machi."

"Udongo nimeshaufuta."

"Umeufutaje?"

"Mwenyewe kasema ni wa dukani."

"Wa dukani hauna hawa. Basi kuna mtu kakudanganya."

"Mimi?" Mwinjuma alisimama. "Mimi sidanganywi, Mselem. Uliza Tanga nzima."

"Tanga ni mbali. Nakuuliza wewe."

"Kuna njia nyingine. Mtu kachukua viwavi msituni kwa makusudi, kaja kawapandikiza."

Mselem aliinua mabega. "Na mtu huyo alikuwa na chuki kiasi gani, mpaka akae msituni anakusanya mavi?"

Chuki. Mwinjuma aliliandika neno hilo kwa kijani, akalizungushia duara mbili. Alishajua pa kwenda.

*

Chhotubhai aliuza masufuria Stratford Road, na kwa miaka ishirini alikuwa wa pili katika mashindano ya miti ya chunguni ya wazee wa Kigujarati. Wa kwanza alikuwa Vinubhai. Alhamisi saa nne asubuhi Mwinjuma, aliyekuwa ameomba ruhusa ya siku mbili kazini, alimkuta amekaa kati ya mabeseni, mguu mmoja kwenye stuli.

"Mzee, msonobari wa Vinubhai unakufa."

Chhotubhai alifumba macho. Mwinjuma akangoja atabasamu. Badala yake mzee akatoa leso.

"Ule alioupinda mkewe, marehemu Kanta?"

"Ule ule. Mwezi ujao kuna mashindano, na wewe ndiye utakayefaidika."

"Mimi napeleka mikuyu, kijana. Mikuyu tu. Msonobari unanipa chafya, uliza mtu yeyote." Akapenga kwa huzuni kubwa. "Nikimshinda Vinu na mti wake umekufa, nimemshinda nani?"

"Mara ya mwisho ulifika kwake lini?"

"Mwaka wa tatu huu. Tuligombana kuhusu mbolea. Na hata ningetaka kuingia kwa siri, yule mama wa dirishani angepiga kelele mpaka Sparkbrook isikie. Umemwuliza?"

"Nitamwuliza."

"Hujamwuliza?"

"Nimesema nitamwuliza, mzee!"

Chhotubhai alimtazama kwa huruma, jambo lililomuudhi Mwinjuma kuliko kutukanwa. "Ile baridi ya mwaka jana," alisema mzee, "niliwaambia wote pale chamani: msonobari zikeni chungu chake ndani ya udongo, barafu isishike mizizi. Vinu alikuwa amekaa nyuma, anajifanya hasikii. Alifanya?"

"Alifanya nini?"

"Nenda ukatazame. Wewe si mpelelezi?"

Mwinjuma alitoka bila chai. Ukumbini mwa akili yake palikuwa na mshtakiwa mmoja tu, na huyo ndio kwanza amelia mbele yake machozi ya kweli. Pua haikumsaidia. Ilinusa masufuria mapya na leso ya mzee.

Ule mchana aliumalizia kwenye duka la bustani, akafungua mifuko mitatu ya udongo na kuchakura kwa mikono akitafuta viwavi. Alipofika wa nne, kijana wa dukani alimwuliza kwa upole kama amepoteza pete. Wa tano hakuruhusiwa. Alitolewa mlangoni na mlinzi, na kilichomuuma ni kwamba mlinzi yule alimtambua.

"Si wewe uko pale kwa viatu, bro?"

"Niko kazini," alisema Mwinjuma, kucha zimejaa tope.

Saa mbili za jioni simu yake ilitoa mlio. Ujumbe wa Immaculée: *Papa leo ni alhamisi. Ulisema kesho jioni. Kesho ya jana ni leo.* Aliuandika kwenye daftari, kisha akaufuta.

*

Ijumaa saa nne asubuhi alikuwa tena uani kwa Vinubhai. Alipita chini ya dirisha la Bi Barwako kwa magoti, akijifanya anatafuta sarafu.

"Nakuona, Mwinjuma," ilisema sauti kutoka juu.

"Nitapita, mama!"

Immaculée alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mkoba mapajani, amevaa kitenge chake cha kanisani kama mtu anayekwenda mahakamani. Vinubhai alisimama karibu na mti, mkasi mkononi, akikata utando bila kumtazama.

"Saa sita, papa Mwinjuma," alisema Immaculée. "Basi mpaka kwa wakili ni nusu saa. Fungua sasa ile kamba yako, kama ulifunga kitu."

"Swali moja tu. Mwezi wa nne au wa tano ulipokuwa unamwagilia, uliona mdudu? Bluu, kichwa chekundu?"

Immaculée akainua uso. "Ile ya kiberiti? Niliona mingi! Ilikuwa inatoka chini, pale kwenye beseni, inapanda muti. Nilimwambia bwana Vinu. Voilà, mwulize yeye. Alisema ni inzi tu."

Mwinjuma akamgeukia Vinubhai. Mkasi ulikuwa umesimama.

"Alikuambia?"

"Alisema kitu kama hicho," alisema Vinubhai taratibu. "Nilikuwa nafunga mizigo."

"Kwa hiyo nyigu walikuwa humu kabla hujapanda ndege. Ukiwa nyumbani. Mama Sylvie hakuwaleta kwa uzembe."

"Hakuwaleta kwa uzembe. Lakini walikuja vipi? Mimi sitoki, mguu mbovu. Anayetoka ni yeye. Kanisani kwao kuna mti mkubwa wa Krismasi kila mwaka. Mwinjuma bhai, nioneshe walivyokuja, nitaandika barua hapa hapa, kwa moyo wote. Usiponionesha, siwezi kutia sahihi kwamba namwamini. Sahihi yangu sijawahi kuitia kwenye uongo."

Mwinjuma alihesabu kwa vidole. Beseni. Mzee wa masufuria alisema zika chungu, na mwanamke huyu anasema walitoka kwenye beseni. Akapiga magoti chini ya benchi. Nyuma, nyuma kabisa, kulikuwa na beseni la plastiki lililojaa udongo mweusi, katikati lina shimo la ukubwa wa chungu.

"Hiki ndicho ulichozikia mti wakati wa baridi?"

"Ndiyo. Chhotu alisema kwenye chama," alisema Vinubhai, kisha akakohoa. "Usimwambie nilimsikiliza."

Mwinjuma alivuta beseni mpaka kwenye mwanga, akazamisha mikono. Udongo ulikuwa mwepesi, umechanganyika na majani makavu ya sindano, mawili mawili, na magamba ya koni. Hata mtu aliyefukuzwa duka la bustani jana aliona kwamba udongo huu haukupita dukani. Kisha vidole vyake vikagusa kitu kigumu chembamba.

Akakitoa. Kilikuwa kijiti cha mianzi, ncha moja kali, kimeungua katikati.

Damu ilimpanda Mwinjuma kichwani. Siku mbili za kuhangaishwa na mdudu, mzee wa masufuria na mlinzi mwenzake, na sasa hiki! Akakiinua juu kama refa mwenye kadi.

"Kijiti cha mshikaki!" alitangaza. "Mnaona? Tazameni vizuri. Udongo huu umechotwa msituni, chini ya msonobari, mahali ambapo watu walichoma mishkaki. Waingereza wanachoma soseji. Vinubhai hali nyama. Mama Sylvie?"

"Sisi tunachoma samaki na mbuzi, lakini hatupeleki moto mu pori," alisema Immaculée.

"Basi! Aliyechota udongo huu ni mtu wa pwani. Mtu wetu. Alikwenda pikiniki na wenzake, akashiba, akajaza udongo wa bure, akauita wa dukani. Tapeli! Mtu kama huyo ndiye anayemweka mtoto wa watu Uvira. Vinubhai, jirani aliyekugawia ni nani?"

"Ni Barwako, huyu hapa ukutani."

Kuna wakati mdomo wa mtu uko mbele ya akili yake kwa hatua moja, na akili ikishafika inakuta mdomo umeshafunga mlango. Mwinjuma alibaki na kijiti juu. Mkono ukaanza kushuka wenyewe.

Agosti iliyopita. Mabasi mawili ya jumuiya, msitu wa misonobari kaskazini ya mji, na yeye ndiye aliyesimamia jiko la mishkaki.

"Aa," alisema.

"Aa nini?" aliuliza Immaculée.

"Aa, nafikiri kesi imekwisha. Bi Barwako ni mama wa watu, hana kosa. Atakuwa alidanganywa na duka. Maduka ya siku hizi! Wanachota popote, wanafungasha. Vinubhai, andika tu kwamba duka..."

"Duka lipi?" alisema Vinubhai.

"Duka... la udongo."

Juu ya uzio, kati ya bendera mbili za wajukuu, kilichomoza kichwa kilichofungwa leso ya maua. Bi Barwako alikuwa amesimama kwenye kitu, labda kiti, labda mjukuu.

"Nimesikia jina langu," alisema. "Siku tatu nakuita, Mwinjuma. Nakuita nikwambie asmini zinakufa kwa ule udongo, wapita kwa magoti kama paka."

"Bi Barwako, hili si la leo, tuna haraka, saa nne na nusu..."

"Mwulize basi," alisema Immaculée. Alikuwa amesimama. "Ulisema wewe unanusa uongo. Mwulize mama, nasi tusikie."

Hakukuwa na pa kutokea. Mwinjuma alitoa daftari, akafungua kalamu ya kijani, akauliza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba wake.

"Bi Barwako. Ule udongo uliomgawia Vinubhai, uliupata wapi?"

"Niliambiwa watoka dukani."

"Umesikia, Vinubhai? Aliambiwa watoka duk..."

"Sijamaliza. Nilikutuma wewe mfuko wa udongo wa asmini. Ulirudi kutoka hiyo pikiniki yenu umenukia moshi, umebeba gunia begani. Ukasema, 'Wa dukani huu, mama, wa kisasa.' Nikauliza mbona uko ndani ya gunia la mchele? Ukasema, 'Wamefungasha upya.'"

Vinubhai aliweka mkasi chini.

"Huenda unachanganya siku, mama," alisema Mwinjuma. Koti lilikuwa limemganda mgongoni. "Watu wengi hukuletea vitu."

Bi Barwako aliinama, akapotea nyuma ya uzio, na kilichorudi kwanza ni mkono wake, umeshika gunia tupu la kilo ishirini. Alilitandaza juu ya uzio kama nguo ya kuanikwa. Ubavuni, kwa herufi kubwa za kijani, paliandikwa: *PIKINIKI AGOSTI. MCHELE WA PILAU. MSIMAMIZI: MWINJUMA H.*

Kiwavi mmoja alidondoka kutoka kwenye utando, akalala chali juu ya benchi, akaanza kujinyonganyonga. Mwinjuma alimwelewa kabisa.

"Ulijua," alisema hatimaye. "Ulijua siku ile ile."

"Nilijua ukiwa bado getini. Nikakusitiri. Nikamwambia jirani yangu ni wa dukani, kwa sababu kijana hukosea, na mtu mzima hamwaibishi kwa ajili ya ndoo ya tope. Nimekusitiri karibu mwaka mzima, mwanangu." Bi Barwako alielekeza kidevu kwa Immaculée. "Lakini leo sitara yako yamvua nguo huyu. Hiyo sikuwa tayari kuibeba."

Vinubhai alikuwa anamtazama Mwinjuma kwa namna mtu anavyotazama breki zilizokatika tangu juzi.

"Mwinjuma bhai," alisema mzee, "mti nitaona kama utapona. Mizizi bado mizima. Lakini nilimwita huyu mama mwuaji mbele ya dada zangu kwenye simu, Rajkot nzima wamesikia." Akamgeukia Immaculée, akakutanisha viganja kifuani. "Mama Sylvie, nisamehe. Ngoja nilete karatasi."

"Leta mbili, bwana Vinu," alisema Immaculée.

Zilikuja mbili. Vinubhai aliketi kwenye ngazi akaanza kuandika yake, polepole, kwa herufi za mtu aliyesomeshwa na wamisheni. Immaculée alichukua ya pili, akaiweka juu ya benchi mbele ya Mwinjuma, karibu na kiwavi, akaikandamiza pembe kwa chupa ya siki.

"Wakili atauliza kwa nini barua imechelewa, na kwa nini mwajiri alikuwa anakasirika. Andika, papa. Nani alileta udongo, na ulitoka wapi. Ile kalamu yako iko tayari."

Mwinjuma alitazama saa yake. Ilikuwa saa tano kasorobo. Akainama, akaandika tarehe. Kijani ilionekana kijani kuliko siku zote.

"Na uandike vizuri," alisema Bi Barwako kutoka juu ya uzio. "Jina la duka usilisahau."